Kifuniko Kwanza: Kuchagua Kasha la Kuivishia Kimea

Pale Idsowe, kando ya barabara inayotoka Garsen kwenda Lamu, kasha la barafu ni chombo cha samaki. Kambare wa Mto Tana akishatolewa majini alfajiri, hiyo saa nne jua limeshamfikia, na asiye na kasha huuza kwa bei ya kutupa. Nilipomweleza mama mmoja muuza samaki kwamba wako watu wanaotia uji wa moto ndani ya kasha kama lile lake, alicheka mpaka akaketi. "Sasa mwanangu, na barafu utaiweka wapi?"

Swali lake lina jibu. Kasha halitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchelewesha joto lisipite, liwe linaingia au linatoka. Hotipoti ya chapati iliyo jikoni kwako inafanya kazi hiyo hiyo, na chupa ya chai vilevile. Wapika bia wa nyumbani kule Marekani na Uingereza wameligundua hilo zamani: huchanganya kimea cha shayiri na maji ya moto, hufunika ndani ya kasha la barafu, huliacha saa moja, na wanga unageuka sukari.

Mgema wa mkoma huku Tana hahitaji mzunguko huo. Utomvu unashuka mtini ukiwa na sukari yake, hamira ya hewani inaingia yenyewe, na jioni tembo limekwisha kuwa tembo. Nafaka ndiyo yenye kazi. Punje ya mtama, wimbi au mahindi imejaa wanga, na hamira haiwezi kuula wanga. Lazima kwanza ukatwekatwe kuwa sukari, na vinavyoukata ni vimeng'enya vilivyo ndani ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa. Vimeng'enya hivi hupenda joto la nyuzi 62 hadi 70. Chini ya hapo huzubaa. Ukivuka 75 vingi hufa. Anayetengeneza togwa kule Songea au Iringa anaujua ukweli huu kwa macho: uji mzito uliosimamisha mwiko, ukitiwa kimea kidogo ukiwa bado na moto wa wastani, hulegea na kuwa mwepesi mbele yako, na ukiuonja una utamu ambao hakuna aliyeutia.

Hapa niseme jambo ambalo haliwahusu sana wapika bia wa shayiri. Wanga wa shayiri huvimba na kufunguka kwenye joto lile lile ambalo vimeng'enya hupenda, ndiyo maana wao hutia kila kitu kwa pamoja ndani ya kasha. Wanga wa mahindi na mtama ni mkaidi, hutaka joto la juu zaidi ndipo ufunguke. Ukifuata kitabu chao neno kwa neno ukiwa na mtama, utapata maji ya ungaunga. Mama zetu walikuwa sahihi: pika uji kwanza uchemke uive, upoe kiasi, ndipo kimea kifuate. Kasha linaingia hapo mwishoni tu, kuushika uji kwenye nyuzi 65 hivi kwa saa moja au mbili bila kuni.

Kuna njia rahisi ya kulifikia joto hilo. Pika uji mzito kwa nusu ya maji yako. Nusu ya pili ichemshe mapema, ifunike, iache ipoe kabisa. Ukichanganya uji unaochemka na maji yaliyopoa kwa vipimo sawa, kwa hali ya hewa ya Idsowe utatua karibu na nyuzi 65. Maji ya mto yasiyochemshwa usiyatie. Hata hivyo nunua kipimajoto, kidole hudanganya.

Sasa kasha lenyewe. Watu huanza na ukubwa na rangi. Mimi huanza na kifuniko. Makasha mengi ya bei nafuu yana kuta zilizojazwa povu gumu, lakini kifuniko ni plastiki mbili zenye hewa katikati. Joto hupanda juu, kwa hiyo kifuniko kitupu ni kama nyumba yenye kuta nene isiyo na paa. Kigonge kwa kidole: kilichojaa kina sauti nzito, kitupu hulia kama debe. Kikiwa kitupu na bei ni nzuri, si hoja. Blanketi lililokunjwa mara nne juu yake litakusaidia.

Yale masanduku meupe mepesi yanayomeguka punjepunje yaache kwenye samaki. Yanashika baridi vizuri, ila maji yanayokaribia kuchemka huyalegeza. Na kasha lililowahi kubeba samaki lisiguse kimea kamwe: plastiki hunywa harufu, na kila mkwaruzo wa kisu ni maskani ya vijidudu.

Ukubwa ulingane na mapishi. Lita 20 za uji katika kasha la lita 25 zitatulia. Ukizitia katika la lita 60, hewa iliyobaki juu itakunyang'anya moto. Kabla ya kumimina uji, lisuuze kasha kwa maji ya moto na uliache nayo dakika kumi, la sivyo kuta zenyewe zitameza nyuzi kadhaa.

Halafu kuna jambo lililonifurahisha nilipopiga hesabu. Mchana wa Garsen una nyuzi 32 hivi. Kutoka barafu hadi hapo ni nyuzi 32. Kutoka hapo hadi uji wa 66 ni nyuzi 34. Kasha linapigana vita karibu sawa pande zote mbili! Kwa hiyo barafu inaweza kulipima kasha kwa niaba ya uji. Tia kilo tano za barafu, funga, liweke kivulini, mwaga maji ya saa ya kwanza, kisha kusanya yanayofuata. Likitoa robo lita kwa saa, basi kilo 20 za uji ndani yake zitapoteza takriban nyuzi moja kwa saa. Hilo ni kasha zuri. Likitoa lita nzima, zitapotea nyuzi nne au zaidi, na kimea chako kitalala kabla ya kumaliza kazi.

Mambo mawili yasisahaulike. Kimea chenye ukungu tupa, kwa maana sumukuvu haifi kwa joto hili wala kwa kuchemshwa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki ya Kenya. Na togwa mbichi ni kinywaji cha watoto, lakini ukiendelea hadi kwenye kileo, sheria ya vileo ya Kenya ya mwaka 2010 inataka leseni.

Ukifika dukani, kabla hujatoa pesa, omba birika la maji ya moto. Mimina ndani, funga, ngoja dakika kumi, weka kiganja juu ya kifuniko. Ukihisi joto, rudisha, ila kama bei ni nzuri na blanketi unalo. Muuzaji akikukatalia birika, nenda duka la pili.