Kondishena ya kuacha kichwani: Dada, usinunue picha ya kopo!

Wiki hii tunaongea nywele, na nyie akina kaka wenye afro na dredi msifunue ukurasa, yanawahusu.

Chukua mfano wa Kang'ata, wilayani Handeni. Kiangazi kikikolea, vumbi la barabarani linakaa kichwani kama limepangishwa chumba. Maji nayo Handeni ni wimbo wa siku nyingi. Ndoo ikipatikana kuna kunywa, kupika na kufua, nywele zinasubiri zamu ya mwisho. Ndiyo maana kondishena usiyoisuuza inafaa sana sehemu kama hizo. Unapaka, unachana, unaondoka zako.

Tatizo ni kwamba masista du wengi wananunua kwa kumtazama mrembo wa kwenye kopo. Mrembo yule ana nywele zake, wewe una zako! Mwezi haujaisha, pesa imekwenda na nywele zimebaki kwenye kitana.

Kwanza soma kopo. Tafuta neno "leave-in". Ile inayotaka kusuuzwa usiilaze kichwani, itaganda na inaweza kukuwasha. Halafu tazama orodha ya vilivyomo: maji yanatakiwa yatangulie, maana kinachotajwa kwanza ndicho kingi. Angalia na tarehe ya mwisho ya kutumika.

Sasa kila mtu na kichwa chake.

Kama una kipilipili nzito, mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayafiki nchani, kwa sababu unywele umejikunja njia nzima. Chukua kondishena nzito ya krimu. Yenye glisirini ni nzuri, ila kuna jambo: glisirini huvuta unyevu. Tanga mjini, karibu na bahari, hewa ina unyevu wa kutosha. Huko bara wakati wa kiangazi hewa ni kavu, hivyo funga juu yake na mafuta kidogo. Waliokuwa vijana miaka ya 1980 wanaijua glisirini vizuri, maana ndiyo iliyokuwa iking'arisha kalikiti na kuchafua mito ya kulalia!

Kama umeweka dawa, ujue dawa hiyo imevunja vifungo vya ndani ya unywele. Ndiyo maana umenyooka, na ndiyo maana ni mdhaifu. Tafuta kondishena yenye protini kama keratini, lakini usiitumie kila siku. Protini ikizidi, nywele zinakakamaa kama fagio.

Mwenye nywele za singa, laini na nyembamba, aachane na krimu nzito, zitamlalia kichwani kama amemwagiwa mchuzi. Ya kupuliza inamtosha, tena nchani tu.

Umesuka rasta? Tumia ya majimaji, puliza kidogo kwenye mistari na kwenye nywele zako zenyewe. Usilale kichwa kikiwa kibichi, utaamka na harufu.

Kupaka nako kuna taratibu zake. Lowesha nywele kwanza. Kikombe kimoja cha maji kwenye chupa ya kupulizia kinaweza kutosha kichwa kizima. Gawa mafungu manne. Anza nchani, panda juu, na usiisugue kwenye ngozi. Chana na kitana cha meno mapana. Mwisho kabisa ndiyo mafuta. Ukianza na mafuta kwenye nywele kavu, umefungia ukavu ndani.

Mafuta gani? Ya nazi, tena Tanga nazi si mgeni. Utafiti wa Rele na Mohile wa India, uliochapishwa 2003, uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na ya madini. Ni ya nazi tu yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele, kwa kuwa yanaingia ndani ya unywele.

Lakini jamani, kuacha kichwani si kuacha milele! Usipoosha, kondishena na vumbi vinafanya tope. Tenga ndoo moja kila baada ya wiki moja au mbili. Kama maji ya kisima chenu yana chumvi, suuza mara ya mwisho na ya mvua mkiyapata.

Na hili ndilo kubwa: kama nywele za kwenye paji zinarudi nyuma kwa misuko ya kubana, hakuna kondishena itakayozirudisha. Fumua. Mwambie msusi alegeze, hata akinuna. Ukichelewa, mizizi inakufa na nywele hazioti tena. Ukiona upara, vidonda au mba usiokoma, nenda hospitali badala ya kuongeza kopo. Kwa kanda ya kaskazini, KCMC Moshi kuna kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992.

Basi, ukiingia dukani funika picha ya mrembo kwa kidole, usome nyuma ya kopo. Tukutane wiki ijayo, vichwa viking'aa!