Mbinga: barabara inayosubiri kahawa

Msimu wa kahawa ukiiva, dalili huonekana mapema kwenye barabara kuu ya Mbinga. Mabati hupangwa hadi nje ya maduka ya vifaa vya ujenzi, na fundi cherehani akipelekewa kitenge anasema njoo wiki ijayo. Ikifika Januari, wenye maduka hao hao wanaandika madeni kwenye daftari.

Wamatengo walianza kulima kahawa miaka ya 1920, kwenye milima ile ile wanakochimba ngoro, mashimo yao ya kilimo, kwa ajili ya mahindi na maharage. NGOMAT, chama kikuu cha Wangoni na Wamatengo kilichoanzishwa 1936, kilishughulikia mazao yao hadi serikali ilipovunja vyama vya ushirika 1976. Baadaye ikaja MBICU, ushirika wa Mbinga wenyewe. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. MBICU ikaelemewa na madeni, ikaanguka. Kiwanda cha kukoboa kahawa kimebaki, na kwangu ndicho alama kubwa ya mji. Kahawa ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima vijijini, inakobolewa hapo, inapangwa madaraja, kisha inangoja mnada.

Lakini kungoja huanza kabla hata ya mavuno, na huko ndiko kunakozaa magoma, yaani kuuza kahawa ikiwa bado shambani. Ada ya shule inadaiwa Januari, mbolea nayo inatakiwa, na kahawa bado ni mbichi mtini. Mwenye fedha anampa mkulima mkopo, nao unalipwa kwa kilo za kahawa wakati wa mavuno, kwa bei waliyopatana siku ya shida. Mnada ukipanda, faida si ya aliyelima. Serikali inaipiga vita biashara hii kila msimu, lakini marufuku hailipi ada.

Mabadiliko niliyoyapenda yametoka ziwani. Lami hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, imeziondolea gari adha ya kukwama kwenye miteremko wakati wa masika. Usipa, samaki mdogo wa ziwani, aliyevuliwa usiku kwa taa anauzwa Mbinga asubuhi. Mama muuzaji anajaza sado, anaongeza konzi moja juu, anapokea fedha yake papo hapo. Ni fedha ndogo, ila inaingia hata Februari, mwezi ambao kahawa haina cha kumpa mtu.

AMCOS zingepata mtaji wa kuwakopesha wanachama wao malipo ya awali mwezi Januari, kwa riba inayobebeka, mkulima angefika mnadani na kahawa yake yote. Benki zenye matawi mjini hapa zinaijua kalenda hiyo vizuri kabisa.