Presha inayoanzia shingoni

Mwaka 1835, jijini Dublin, daktari Robert Graves aliandika habari za wanawake watatu wenye uvimbe shingoni na moyo uendao mbio. Mmoja wao moyo wake ulidunda kwa kishindo hadi daktari akausikia akiwa umbali wa futi 4 kutoka kifuani. Mashine ya presha ilikuwa bado haijabuniwa.

Siku hizi mashine ipo hata kwenye duka la dawa, ila tunaisoma nusunusu. Hutoa namba tatu. Mgonjwa hushika ya juu, “mia sitini!”, akaenda nayo nyumbani akiinung’unikia. Ya chini husahaulika. Ya tatu, mapigo ya moyo, wengi hawaiulizi kabisa.

Tezi ya shingo, ile yenye umbo la kipepeo iliyowavimba wale wanawake wa Dublin, hutengeneza homoni kwa madini joto. Homoni hizo zikizidi, moyo hukimbia huku mishipa midogo ikilegea: namba ya juu hupanda, ya chini hushuka, tuseme 160 kwa 60. Zikipungua, moyo huzubaa, mishipa hukaza, na hapo ya chini ndiyo hupanda. Mwenye upungufu huo hudhaniwa amechoka tu au anazeeka. Anajifunika kanga mbili mchana wa Januari Dar es Salaam, anasahau alikoweka ufunguo. Hata mawimbi ya umeme ya ubongo wake yamepungua kasi.

Ubongo wenyewe umo katika shauri hili. Chini yake kuna tezi ndogo ya pituitari, inayotuma homoni ya TSH kuihimiza tezi ya shingo. Kutoka ubongoni pia hushuka neva za kuuharakisha moyo, na neva ya vagasi inayoushika breki. Moyo wenye afya haudundi kama saa ya ukutani. Huongeza mwendo kidogo ukivuta pumzi, hupunguza ukiitoa. Homoni zikifurika, breki hulegea, na mbio haziachi hata usingizini. Baadhi ya wagonjwa moyo huishia kudunda ovyo, damu ikaganda ndani yake, na kipande cha bonge kikapanda kichwani. Hicho ni kiharusi.

Madaktari wana kipimo kisicho na gharama: nyoosha mikono, ulaze karatasi juu ya vidole. Ikitetemeka kama jani, pana sababu ya kuitazama shingo.

Na chumvi? Punguza, presha haiipendi. Lakini hiyo kidogo unayoitia mbogani iwe yenye madini joto.

Si kila presha hutoka shingoni. Nyingi hazitoki huko. Ila kama yako haitulii kwa dawa, au mapigo yako yanapita 100 ukiwa umekaa tu, mwombe daktari akupime TSH. Ni damu kidogo ya mkononi. Na dawa zako za presha usiziache wakati unasubiri majibu.