Unaenda Kisumu kwa wiki moja? Jikinge kabla ya kupanda basi

SHULE zikifungwa, vituo vya mabasi yaendayo magharibi hujaa watu wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Baba amepata likizo ya wiki moja, mama amenunua sukari, majani ya chai na leso ya nyanya, na watoto hawajalala kwa hamu ya kuona ziwa. Kila kitu kimeandikwa katika orodha ila kimoja: namna ya kwenda na kurudi bila malaria.

Kutoka Nairobi hadi Kisumu ni kilomita 350 hivi kwa barabara. Ukipanda basi jioni, alfajiri umefika. Kwa sababu hiyo wengi wetu hatuihesabu kuwa safari ya kumwendea daktari. Mtalii kutoka Ulaya hufika kando ya Ziwa Victoria akiwa ameshaanza kumeza tembe za kuzuia malaria. Mkazi wa Jericho au Umoja, kwa kuwa anasema "naenda nyumbani", huondoka mikono mitupu. Hapo ndipo hatari ilipo, msomaji, na ni kwa watoto wako zaidi kuliko kwako wewe.

Mbu wa Kayole na mbu wa Kisumu

Huenda ukasema kwamba mbu si wageni kwako, kwani mitaro ya Kayole na Dandora imejaa mbu na watoto wako huumwa kila usiku. Ni kweli, lakini wengi wa mbu hao ni wa aina iitwayo kuleksi, ambao huzaana katika maji machafu. Wanakera na kunyima watu usingizi, lakini hawaenezi malaria.

Malaria huenezwa na mbu jike wa aina ya anofelesi. Huyu hupenda maji yaliyotuama ambayo si machafu sana, kama vile vidimbwi vya mvua, nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, na mashimo yaliyochimbwa udongo wa kufyatulia matofali. Huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, hasa usiku wa manane watu wakiwa wamelala.

Tofauti nyingine ni baridi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kisumu iko mita 1,130 hivi. Viini vya malaria huhitaji joto ili vikomae ndani ya mwili wa mbu. Penye baridi vinakawia sana, na mara nyingi mbu hufa kabla havijakomaa. Kando ya ziwa joto linatosha mwaka mzima. Ndiyo sababu kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia huhesabiwa miongoni mwa zile zenye malaria nyingi zaidi nchini, na Nairobi huhesabiwa miongoni mwa zile zenye malaria kidogo.

Kinga uliyoiacha huko

"Mimi nilizaliwa huko, malaria hainiwezi." Maneno haya husikika sana, na yana ukweli nusu tu. Mtu akuaye mahali penye malaria huambukizwa mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake hujifunza kidogo kidogo kupambana na viini. Kinga hiyo haizuii ugonjwa kabisa, bali huupunguza makali. Lakini si kinga ya kudumu. Ukikaa Nairobi miaka kadhaa bila kuumwa na mbu mwenye viini, hupungua.

Watoto wako waliozaliwa Nairobi hawakuwahi kuwa nayo. Binamu zao wa Kisumu wanaweza kupata homa na kesho yake wakaonekana wakicheza. Mtoto wako akiambukizwa viini vile vile anaweza kuzidiwa upesi. Jina la ukoo halimpi mtoto kinga ya babu yake.

Jambo hili si la Kenya pekee. Nchini Uingereza, wengi wa wanaopatikana na malaria ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwatembelea jamaa zao, wakaona hakuna haja ya dawa kwa kuwa walikuwa wakienda kwao.

Wiki mbili kabla ya safari

Nenda kituo cha afya au kwa daktari wiki mbili au tatu kabla ya kusafiri, ukieleza mnakwenda wapi, kwa siku ngapi, na umri wa kila mmoja. Ziko dawa za aina tatu zinazotumiwa sana kuzuia malaria, na daktari ndiye atakayechagua ifaayo.

Ya kwanza ni atovakwoni na proguanili, zilizochanganywa katika tembe moja. Humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kufika hadi siku saba baada ya kuondoka. Kwa mfano, ukiondoka Jumamosi hii na kurudi Jumamosi ijayo, mtu mzima atahitaji tembe 16 hivi. Ya pili ni doksisaiklini, ambayo ni ya bei nafuu, lakini ni lazima uendelee kuimeza kwa wiki nne baada ya kurudi. Haiwafai akina mama wajawazito wala watoto wa chini ya miaka minane. Ya tatu ni meflokwini, ambayo humezwa mara moja kwa wiki, na ni vyema kuianza wiki mbili au tatu kabla ya safari. Haimfai mtu aliyewahi kuugua kifafa au maradhi ya akili.

Kosa kubwa ni kuacha dawa siku ya kurudi Nairobi. Viini ulivyoambukizwa usiku wa mwisho bado vimo mwilini, na siku zilizobaki za dawa ndizo za kuvimaliza.

Mama mjamzito na afikirie kuahirisha safari, maana malaria inaweza kumwua yeye na mtoto aliye tumboni. Ikiwa hana budi kwenda, aende kliniki kwanza. Mtu mwenye ugonjwa wa selimundu naye asisafiri bila kumwona daktari wake. Ama chanjo ya malaria kwa watoto wachanga, ambayo Kenya iliianza huko Homa Bay mnamo Septemba 2019, ililengwa kwa maeneo ya magharibi yenye malaria nyingi. Usidhani kwamba mtoto wako aliipata katika kliniki ya hapa Nairobi.

Mgeni hulala wapi?

Hili ni swali dogo lenye uzito mkubwa. Huenda jamaa zako wana vyandarua, lakini vimetundikwa juu ya vitanda vyao. Wageni wakifika, magodoro hutandikwa sebuleni na watoto sita wakapangwa sakafuni bila chochote cha kuwafunika dhidi ya mbu. Hivyo mgeni asiye na kinga ndiye alalaye bila chandarua.

Beba chandarua chako kilichotiwa dawa, pamoja na kamba na misumari michache. Hakuna nyanya atakayekasirika ukimweleza sababu. Kichomeke chini ya godoro pande zote, na ukague kama kina matundu. Jioni vaeni nguo za mikono mirefu na suruali ndefu, na mjipake mafuta ya kufukuza mbu mahali palipo wazi. Ukisafiri kwa basi la usiku, weka nguo hizo karibu, kwa kuwa utashuka alfajiri wakati mbu bado wanauma.

Wengi wetu huenda huko kwa ajili ya mazishi. Kukesha nje siku mbili tatu kando ya moto ni heshima kwa marehemu, lakini pia ni kumkaribisha mbu mezani. Kesha ukiwa umejifunika vyema, na watoto uwalaze mapema ndani ya chandarua.

Ziwa ni zuri kulitazama

Hakuna mtoto wa Nairobi atakayekwenda Kisumu asitake kufika Dunga kuwaona wavuvi. Mpeleke. Lakini usimruhusu kuoga wala kucheza majini ukingoni. Ziwa Victoria lina kichocho cha matumbo. Viini vyake hukulia ndani ya konokono wadogo wanaoishi kwenye nyasi na magugu ya ukingoni, kisha huogelea majini na kupenya ngozi ya mtu katika dakika chache, bila kidonda na bila maumivu makubwa. Ugonjwa usipotibiwa huweza kuharibu ini baada ya miaka mingi.

Mkipanda mashua, kila mmoja avae koti la kujiokoa, na msining'inize miguu majini. Asubuhi mapema na jioni kaeni mbali na ukingo, kwani kiboko hutoka majini kula nyasi na hana mzaha. Ikiwa nyumbani mnaoga maji ya ziwa, yachemsheni kwanza, au myaache ndani ya pipa lililofunikwa kwa siku mbili.

Ikiwa mmoja wenu aliingia ziwani, mwambieni daktari, naye atawaeleza wakati wa kupima. Kwa kawaida ni baada ya wiki sita au zaidi, minyoo ikiwa imekomaa. Dawa yake, prazikwanteli, hutibu vizuri wakati huo.

Maji na chakula

Kipindupindu hutokea mara kwa mara katika kaunti za kando ya ziwa, kama kinavyotokea hapa Nairobi. Kunyweni maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini. Samaki mzima aliyekaangwa na kuletwa mezani akiwa bado moto si hatari. Hatari ni kachumbari iliyooshwa kwa maji yasiyo safi, na mikono isiyonawa kwa sabuni kabla ya kumega ugali. Bebeni pakiti chache za chumvi ya kuongeza maji mwilini. Mtoto akiharisha, mpe maji hayo mara kwa mara na umpeleke kituo cha afya upesi, hasa akiwa mnyonge au macho yameingia ndani.

Ukishikwa na homa huko

Usingoje kurudi Nairobi. Malaria ya aina iliyo nyingi huku kwetu, iitwayo falsiparamu, inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya saa 24. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo. Kipimo cha tone la damu la kidole hutoa majibu kwa dakika kama 20, na hupatikana hata katika zahanati ndogo. Mtoto akipatwa na degedege, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida au akiwa hajitambui, mkimbize hospitali kubwa. Katika mji wa Kisumu iko Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wengi bado huiita "Russia".

Wasomaji wa rika langu wanakumbuka tulivyonunua klorokwini kwenye vioski. Viini viliizoea, na Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza mwaka wa 1998. Dawa ya SP iliyofuata nayo iliachwa mwaka wa 2004. Dawa itumiwayo sasa kwanza ni atemetha-lumefantrini, iitwayo kwa kifupi AL. Humezwa mara sita kwa siku tatu: mara ya kwanza, kisha baada ya saa nane, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili. Imeze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili mwili uipokee vyema. Malizia zote hata ukiona umepona siku ya pili.

Umerudi salama? Ngoja kwanza

Hapa ndipo wengi huteleza. Viini vya malaria havimwangushi mtu siku ya kuumwa na mbu. Huchukua angalau siku saba, na mara nyingi siku 10 hadi 15. Kwa hiyo, katika safari ya wiki moja, mtoto aliyeambukizwa usiku wa pili atacheza na kucheka safari nzima, kisha aanze kutetemeka akiwa darasani hapa Nairobi.

Mwalimu atasema ni mafua. Jirani atakuambia umnunulie dawa ya kikohozi. Hata mhudumu mwenye shughuli nyingi anaweza kumwandikia dawa nyingine, kwa kuwa malaria si jambo la kwanza analofikiria kwa mtoto wa Umoja. Anayejua kwamba mtoto huyo alilala sebuleni kwa nyanya wiki iliyopita ni wewe peke yako.

Basi sema, hata kama hujaulizwa: "Daktari, tulikuwa Kisumu, tumerudi tarehe fulani. Naomba apimwe malaria." Kipimo cha kwanza kikisema hakuna na homa ikaendelea, rudi kesho yake akapimwe tena. Fanya hivyo kwa homa yoyote katika miezi mitatu baada ya safari, hata kama mlimeza tembe za kuzuia. Iandike tarehe mliyorudi katika kijitabu cha kliniki cha mtoto, kwa sababu miezi miwili baadaye hakuna atakayeikumbuka.

Nendeni Kisumu, mle samaki, na watoto wajue kwao. Wiki moja inatosha kwa hayo yote. Inatosha pia kwa mbu mmoja, na ndiyo maana matayarisho huanza wiki mbili kabla ya safari na hayamaliziki siku ya kurudi.