Kufufua Kiendeshi na Kurejesha Kumbukumbu

Neno "kiendeshi" limebebeshwa maana mbili: chombo kisomacho diski, na programu iunganishayo kiini cha mfumo na kifaa. Hapa twakusudia ya pili. Katika Windows, kwa kawaida kiendeshi cha picha kisipoitika kwa sekunde 2 hufufuliwa. Kikizirai zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 60, kompyuta nzima husimamishwa. (Twasema kuzirai, si kufa, maana huamka.) Basi karani wa ghala la korosho Masasi au Newala akisoma "kiendeshi kimerejeshwa", atadhani na uzito aliokuwa akiuandika umesalimika. Kufufuka kwa kiendeshi hakuthibitishi hilo. Twapendekeza kiendeshi "kifufuliwe". "Kurejesha" kubaki kwa kumbukumbu zilizohifadhiwa.