Koti la Jabe, simu ya Moshi

Katika soko la Jabe, Bujumbura, koti la mlimani hujulikana hata likiwa chini ya rundo la chagua, yaani mitumba. Kitambaa chake hulia kikifinywa, zipu imefunikwa ubavuni ili upepo usipenye, na kwenye ncha ya mkono kuna mkanda wa kukazia. Mji huu ni wa joto, kwa hiyo koti hilo hupata mteja kwa mwendesha pikipiki au kwa mtu anayepanda Bugarama, kwenye ubaridi. Ukilipeleka Moshi, chini ya Kilimanjaro, linakuwa nyenzo ya kazi. Huko makoti, viatu na mifuko ya kulalia hukodishwa kwa siku, na mlima wenyewe umekuwa mwajiri mkubwa.

Mwaka 2009 taasisi ya utafiti ya ODI, ya London, ilikadiria kwamba wapandaji kati ya 35,000 na 40,000 kwa mwaka walikuwa wakiacha Tanzania dola milioni 50 hivi kwa ajili ya Kilimanjaro pekee. Asilimia 28 ya fedha hizo iliwafikia watu wa kipato cha chini: wapagazi wapatao 10,000, wapishi 500 na waongozaji 400. Katika biashara za utalii, hilo ni fungu nono. Hoja ni nani analipata, maana kwa miaka mingi karibu lote lilikwenda kwa wanaume.

Wapagazi huitwa wagumu, na jina linawafaa. Mgeni mmoja huhitaji wagumu watatu hivi wa kumbebea hema, chakula, gesi, meza na viti. Mzigo hupimwa kwenye mizani langoni, na kikomo ni kilo 20. Mwanamke anayeupita mtihani huo bado ana maswali mengine: atalala hema lipi katikati ya wanaume 15, atajisitiri wapi akiwa kwenye siku zake, na nyumbani watasema nini akipotea wiki nzima akarudi na fedha. Wengi wameacha kazi kwa sababu ya hema na choo. Mzigo waliumudu.

Ngazi ya mlimani ina vipandio vichache. Mtu huanza na mzigo, akawa mwongozaji msaidizi, kisha mwongozaji mkuu mwenye leseni. Ili apande anahitaji lugha ya kigeni, huduma ya kwanza, ada ya mafunzo na, zaidi ya yote, siku nyingi za safari. Hizo siku ndizo ngumu kupata, kwa sababu mara nyingi anayepanga kikosi ni mwongozaji mkuu, naye huwapigia simu anaowajua. Nje ya malango kama la Machame watu husubiri tangu alfajiri wakitumaini nafasi iliyobaki. Anayepigiwa simu hasubiri langoni.

Hapo ndipo mwanamke aliyetangulia anapokuwa na thamani isiyoonekana kwenye hesabu za kampuni. Akishashika kikosi, yeye ndiye mwenye simu. Anamwita binti aliyeanza mwaka jana, anamtengea hema pamoja na wanawake wenzake, jioni anamwonyesha dalili za ugonjwa wa mwinuko na namna ya kumwambia mgeni aliyelipa maelfu ya dola kwamba safari yake imeishia hapo. Darasani somo hilo la mwisho halifundishiki vizuri. Linahitaji mtu wa kumtazama akilifanya.

Shirika la KPAP la Moshi, lililoanza 2003, limebeba sehemu ya kazi hii. Huwaazima wagumu nguo za baridi bila malipo, nyingi zikiwa zimetolewa na wageni, na hufuatilia kampuni zinavyolipa na kuwalisha watu wao. Kwa miaka mingi lilipigania ujira wa shilingi 20,000 za Tanzania kwa siku. Kwa safari ya siku saba hiyo ni 140,000 kabla ya bakhshishi. Kwa mama anayelipa ada ya shule, ni fedha ya kweli, ingawa mvua za Aprili na Mei huikata.

Kilimanjaro ina alama za wanawake tangu zamani. Stella Point, ukingoni mwa kreta, ina jina la Estella Latham aliyefika hapo 1925. Na mbali na mlima huu, Mei 2021 Rawan Dakik, akiwa na miaka 20, akawa Mtanzania wa kwanza wa kike kufika kilele cha Everest.

Kenya imejaribu njia nyingine. Mwaka 2019, shirika la IFAW na jamii ya Olgulului, kando ya Amboseli, walianzisha Team Lioness: wasichana wanane wa Kimaasai waliofunzwa kulinda wanyamapori. Nchini Uganda, wanawake waongozaji wa watazamaji wa ndege waliunda chama chao mwaka 2013, na wanaojua ndege huenda porini pamoja na wanaojifunza.

Na Jabe? Bonde la Rusizi na viboko wake liko mlangoni mwa jiji. Kibira ni msitu mmoja na Nyungwe ya Rwanda, ambako wageni hulipia kutembea juu ya daraja linaloning'inia kati ya miti. Ruvubu ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote Burundi. Binti aliyekulia Jabe huamka na Kirundi, hununua kwa Kiswahili na kusoma kwa Kifaransa. Mgumu wa Moshi hulipia darasa ili apate hata moja ya lugha za wageni. Hifadhi ziko chini ya OBPE, ofisi ya serikali ya kulinda mazingira, hivyo mlango wa kubisha unajulikana. Kinachotakiwa kwanza ni leseni ya mwongozaji yenye masharti yaliyoandikwa wazi, na mwanamke mmoja mwenye uzoefu wa kushika kikosi, hata akitoka Moshi kwa msimu mmoja. Olgulului walianza na wanane.