Mkuu wa Forodha na Mashoka ya Mawe

Katika mji wa Abbeville, kaskazini ya Ufaransa, alikuwapo mkuu wa forodha jina lake Jacques Boucher de Perthes, aliyezaliwa mwaka wa 1788. Kazi yake ilikuwa ushuru na vitabu vya hesabu, lakini alipopata nafasi alikwenda kwenye machimbo ya changarawe ya bonde la mto Somme. Humo aliona mawe ya gumegume, jamii ya yale yaliyotiwa katika bunduki za kale ili kutoa cheche. Yalikuwa yamechongwa pande mbili hata yakapata ncha na makali, nayo yalilala chini sana pamoja na mifupa ya ndovu na vifaru wa namna iliyokwisha kutoweka duniani.

Akafikiri hivi: ikiwa matabaka ya juu hayakuvurugwa, basi jiwe na mfupa ni vya zamani moja, na aliyelichonga jiwe aliishi siku za wanyama wale. Kitabu chake cha kwanza juu ya habari hii kina tarehe ya 1847. Wataalamu wengi walimdharau, maana siku zile watu wengi wa Ulaya walishika kwamba mwanadamu hana zaidi ya miaka elfu sita hivi. Hata hivyo hakuacha kutafuta.

Mwaka wa 1859 walifika Waingereza wawili, Joseph Prestwich, mjuzi wa miamba, na John Evans, mwenye kiwanda cha karatasi. Huko Saint-Acheul, karibu na Amiens, waliona shoka la jiwe likiwa bado limekazana katika changarawe, nalo likapigwa picha pale pale. Waliporudi London walitoa ushahidi wao, na wataalamu wakakubali.

Lakini mwaka wa 1863 jambo baya lilitokea. Boucher de Perthes alikuwa ameahidi zawadi kwa atakayepata mfupa wa mtu, na kweli taya likapatikana. Baadaye ilidhihirika kwamba lilitiwa humo kwa hila. Tamaa ya fedha ilitaka kuiharibu kweli iliyokwisha kuthibitika.

Mashoka hayo mpaka leo huitwa kwa jina la Saint-Acheul, lakini asili yake si Ulaya. Ya Abbeville yana umri wa miaka kama 650,000. Ya Kokiselei, magharibi ya Ziwa Turkana, yapata 1,760,000. Na huko Olorgesailie, kwenye njia ya Magadi, yametapakaa mengi sana juu ya ardhi.

Basi, msomaji, ukikuta jiwe la namna hiyo shambani au mtoni, usiling'oe wala usiliuze. Liache mahali pake, uwapashe habari watu wa Makumbusho ya Taifa. Jiwe lililoondolewa mahali pake halina ushahidi tena, kwa kuwa nusu ya habari yake imo katika udongo ulilolala.